Aina Nne za Mshtuko na Mgombea Mmoja

Jumatatu, 1 Juni 1998, Kagunga
Semina imeanza. Wakimbizi wanazidi kushuka kutoka Burundi, na shirika la misaada linataka wahudumu wa afya wa ufukweni pamoja na kiongozi wao. Kiongozi atapewa filimbi na kizibao chekundu. Kizibao nimekipima kwa macho. Kinanitosha. Mpinzani ni mmoja tu, Spesiosa, mjane aliyevuka mpaka mwezi wa nne. Anaandika kila neno la mwalimu wetu, Nesi Verediana.

Somo: mshtuko. Damu haifiki viungoni, ngozi inakuwa baridi na majimaji, mapigo mbio, mtu analegea. Upo wa kuvuja damu, wa kuishiwa maji kwa kuhara, wa sumu ya nyuki, na wa moyo kushindwa kusukuma. Rahisi. Nilipopanda kwenda nyumbani na muhogo begani, kifua kikabana. Nikasimama, kikaachia. Ni ule ugali wa mchana.

Jumanne, 2 Juni
Mpango: kupata mgonjwa kabla ya Spesiosa. Saa nne asubuhi nikamkuta mtu kalala mchangani. Baridi, kalowa, haitiki. Mshtuko huo! Nikampandisha miguu juu ya mtumbwi, nikamfunika turubai, nikaita watu. Wakaja kama arobaini. Mgonjwa akafumbua macho, akauliza nani kachukua turubai lake la kuanikia dagaa. Kumbe Hamdani, mvuvi. Alikesha na karabai ziwani, akaoga, akalala, kama wavuvi wote wa hapa tangu nizaliwe. Nesi akaniuliza kama nilihesabu mapigo. Nilikuwa naita watu.

Alhamisi, 4 Juni
Leo ni moyo kushindwa kazi: miguu huvimba, pumzi hukata ukilala chali, mgonjwa hulala ameketi. Nikakimbilia kituo cha mapokezi. Watu kumi na tisa wamelala wameketi, miguu imevimba! Nikawapanga mstari hadi kwa Nesi.

Spesiosa akawauliza tu. Walitembea milimani siku mbili, wakakunjana botini, na sasa wanalala juu ya mizigo isiibwe. Kiha changu na Kirundi chao tunasikilizana vizuri, ningeweza kuwauliza mwenyewe. Haikunijia. Mmoja tu, bibi Ishimwe, ndiye pumzi inamkata kweli akilala chali. Spesiosa kamgundua. Nikakumbusha kwamba mstarini nilimweka mimi. Nesi akaendelea kumpima bibi.

Ijumaa, 5 Juni
Somo: maumivu ya kifua yatokayo moyoni. Yanabana kama umekaliwa, yanapanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto. Huja ukipanda mlima au ukibeba mzigo, huachia ukipumzika. Yasipoachia, ni dharura. Somo jepesi, nikasinzia.

Jioni nikabeba gunia la mahindi ya msaada peke yangu, Nesi aone nguvu za kiongozi. Kifua kikabana, mkono wa kushoto ukawa ganzi. Nikasimama mara tatu, nikijifanya natazama ziwa. Spesiosa akaniambia, mzee Bonifasi, tua hilo gunia. Nikamjibu kwamba ziwa leo limetulia. Akasema nimelitazama mara tatu, na kila mara nikiwa nimelowa jasho. Akaenda kwa Nesi. Mchongezi.

Jumamosi, 6 Juni
Kizibao amepewa Spesiosa. Mimi nimepewa boti ya kwenda hospitali, mjini.

Alikuja kunisindikiza. Akaniambia habari za mumewe, Bucumi. Siku wanakimbia alikuwa akisimama kila mlima, mkono kifuani, akisema anaangalia kama njia ni salama. Spesiosa akamwacha aangalie. Mlima wa nne hakuinuka. Alisema hivyo bila kulia. Mimi nililia. Niliona aibu kubwa, na nikamwambia hivyo.

Jumatano, 10 Juni, Kigoma mjini
Daktari alithibitisha juzi: ni moyo. Mishipa yake imekuwa myembamba. Nisibebe mzigo, nisipande milima. Kuna vidonge vya kumeza kila siku, na vingine vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Amesema nina bahati kuna mtu aliyenitazama.

Ile aibu iliisha jana. Nimefikiri vizuri. Spesiosa aliuona ugonjwa huu kwa mtu mwingine. Mimi ninao mwenyewe. Nani anaujua zaidi? Uchaguzi urudiwe. Nimeandika rufaa kurasa tatu, na nitamkabidhi Nesi Verediana mkononi.

Kesho natoroka kwa boti ya Kagunga. Vidonge sijagusa tangu jana. Nataka Nesi akiniona, auone ugonjwa wenyewe, si nusu yake.