Nirudishiwe Mchezo wa Usukani

Zabron Mwinuka,
Mwandishi wa Nyanda za Juu Kusini,
Kihesa, Iringa.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, mahindi ya nyuma ya nyumba ni mazima, na Landrova ya ofisi ni nzima. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba wakati wa masika nilitumbukia kwenye mfereji wa mpunga kule Ubaruku, nikifuata habari ya ng'ombe walioingia shambani. Rodi ya usukani ilipinda ikawa kama mundu, na boksi ya usukani ikalegea. Niliendelea kuendesha hivyo hivyo. Ulipopata habari ulinitumia ujumbe: "Tengeneza hilo gari kabla halijakuua. Nani mwingine ataniandikia habari za mpunga?" Nilitii. Nililipeleka kwa fundi Ambrosi, hapa hapa Kihesa, nikamwambia abadilishe vilivyoharibika, basi. Nilipokwenda kulichukua nikakuta ameweka rodi mpya nene kuliko ya kwanza, vichwa vyake vipya pande zote mbili, dampa ya kuzuia usukani usitetemeke, na juu ya hayo usukani wa pawa, ule mwepesi unaosaidiwa na injini, alioung'oa kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji. Nilimuuliza ni nani aliyeagiza yote hayo. Akapangusa mikono, akasema, "Mzee, wewe panda tu. Sasa hivi halina mchezo."

Mchezo, kwa mafundi wetu, ni ule uhuru wa usukani kuzunguka huku na huku kabla magurudumu hayajapata habari. Wangu ulikuwa karibu nusu mzunguko. Umeondolewa wote. Matokeo yake ni kwamba ndoa yangu iko hatarini. Haijafungwa bado, lakini iko hatarini, na naomba uniruhusu nieleze kwa mpangilio.

1. Kuhusu kuvuta kushoto. Tangu ajali ile, gari lilikuwa likivuta kushoto. Ukitoka Iringa kuingia Ilula, kushoto ndiko walikopanga wauza nyanya, na wa kwanza baada ya mteremko ni Bi. Verediana, mjane mwenye sauti kubwa na sado ya kupimia iliyojaa kweli. Mara ya kwanza gari liliingia kwenye matenga yake. Aliniambia maneno ambayo gazeti letu haliwezi kuyachapa, kisha akanipa kiti. Safari iliyofuata alikuwa ameyasogeza matenga. Safari ya baada ya hapo alikuwa ameacha nafasi inayotosha Landrova, na kiti kiko kivulini. Mimi ni mgane. Najua tofauti kati ya kiti kilichosahaulika nje na kiti kilichowekwa.

2. Kuhusu kunyooka. Gari sasa linapita. Kila nikienda vijiji vya Kilolo vilivyo mbele ya Ilula kutafuta habari linafuata barabara kama lilivyoagizwa, na kila mara namwona Bi. Verediana kwenye kioo cha pembeni, amesimama, mikono kiunoni, kiti kitupu. Utauliza kwa nini nisipige breki nikakata kona mwenyewe. Nimelifikiria hilo. Kukata kona kwenye barabara kuu kunataka kuwasha indiketa, na kuwasha indiketa ni kutangaza nia mbele ya watu. Wauza nyanya wa pale ni wengi, na kati ya basi na basi hawana kazi nyingine. Zamani walikuwa wakipiga kelele, "Verediana wee, gari la shemeji limepotea tena!" nami nilishuka nikilitukana gari, heshima yangu ikiwa salama. Leo nikiwasha indiketa watasema nini? Watasema kweli. Sijajiandaa kwa hilo.

3. Kuhusu habari za bonde la Usangu, kule Ubaruku. Usukani wa zamani, hata kabla ya ajali, ulitaka watu wawili. Nkuba, mfugaji ambaye wazazi wake walihamia Ubaruku na mifugo yao kutoka Shinyanga, alikuwa akikaa pembeni yangu na kunisaidia kuvuta kwenye kona za mifereji. "Vuta, mwandishi! Vuta kama unamtoa ndama!" Na katikati ya kuvuta huko alikuwa akiniambia nani ameuza ng'ombe, nani amelima kwenye njia ya mifugo, na nani hamsalimii nani. Habari zote ulizozisifu mwaka jana zilipatikana kwenye kona. Sasa nazungusha kwa kidole kimoja. Nkuba alipanda mara moja tu baada ya matengenezo. Alikitazama kile kidole, akasema, "Kumbe hunihitaji," akashuka. Tangu hapo unapata kutoka kwangu habari za vikao, na umeshalalamika kwamba zinachosha. Zinanichosha hata mimi.

4. Ng'ombe wenyewe. Zamani walipoona gari likiyumba kwa mbali walipisha mapema, kwa sababu hawakujua litaelekea upande gani. Hata mimi sikujua. Sasa wanaona gari lenye msimamo, wanaliamini, wanabaki barabarani. Kuna fahali mmoja wa Nkuba niliyemfuata nyuma polepole mpaka mkutano niliokuwa nikiuwahi ukafungwa kwa sala.

5. Kuhusu maombi. Mama Frida, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, alikuwa na kawaida ya kunitaja katika kuwaombea wasafiri, baada ya wagonjwa na kabla ya mvua. Jumamosi iliyopita aliniruka. Nilipomuuliza alinijibu mbele ya wote, "Kaka Zabron, tuna watu wenye shida za kweli hapa. Wewe una pawa." Jumuiya nzima ilicheka, hata wagonjwa. Kwa hiyo nasafiri bila kuombewa, katika gari ambalo halitanipa kisingizio chochote nikianguka.

6. Jambo hili naliandika kwa kifupi kwa kuwa linaniuma. Asukile, mfanyabiashara wa mchele anayepeleka mizigo kutoka Ubaruku, amekuwa akisimama Ilula. Wauza nyanya wamenieleza kwamba lori lake nalo limeanza kuvuta kushoto. Nimelikagua lori hilo kwa macho yangu mwenyewe, lilipokuwa limeegeshwa. Halina hitilafu yoyote.

Kabla ya kukuandikia nilijaribu kulimaliza suala hili kwa njia ya kawaida. Nilikwenda gereji nikamwomba Ambrosi anirudishie rodi ya zamani ili aifunge tena. Alisema imeshachukuliwa. Nikamuuliza ni nani anayechukua rodi iliyopinda. Akaingia chini ya gari la mteja mwingine na hakutoka mpaka nilipoondoka. Nakukumbusha kwamba rodi ile ni mali ya ofisi.

Kutokana na hayo, naomba ofisi imwagize fundi aikunje rodi mpya mpaka ifanane na ile ya zamani. Hilo likishindikana, nirudishiwe mchezo, hata kama ni robo mzunguko. Nalo likishindikana, gazeti liwaandikie wanaohusika na barabara kuu, liwaombe waweke kona ya kushoto, kali kiasi, mbele ya meza ya Bi. Verediana, kwa usalama wa raia. Na hilo nalo likishindikana, nihamishiwe ofisi yetu ya Ilula. Najua hatuna ofisi Ilula. Naweza kuifungua kwenye kiti.

Nisalimie Happy wa mapokezi, na mama wa chai, na vijana wote wa mitamboni. Msalimie pia Liberatus wa ukurasa wa michezo, umwambie kwamba sasa tunafanya kazi moja, ila mchezo wangu mimi umeibwa.

Ni mimi, mtumishi wako niliyenyooshwa bila kuulizwa,

Zabron Mwinuka

Baada ya kusaini: Ulinifundisha kwamba mwandishi akikosea hafuti, anasahihisha. Bahasha ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua ili niongeze sahihisho.

Nilirudi kwa Ambrosi kudai rodi, nikakaa juu ya tairi, nikamwambia siondoki. Alipoona sina haraka alisema rodi anayo shangazi yake. Shangazi yake ni Bi. Verediana. Alikuwa ameleta nyanya mjini, akapita gereji kumsalimia mtoto wa kaka yake, akaikuta Landrova imeinuliwa, akatoa maagizo: "Toa mchezo wote. Na pawa uweke, asije akasingizia mikono inauma. Nataka nijue anayekuja kwangu ni gari au ni mtu."

Nimetoka gereji nikaendesha moja kwa moja mpaka Ilula. Gari halikuvuta upande wowote. Baada ya mteremko niliwasha indiketa. Wauza nyanya hawakupiga kelele. Walisimama wote wakatazama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Asukile alikuwa amekalia kiti changu. Aliambiwa apishe, akapisha. Rodi ya ofisi nimeiona: inashikilia turubai la meza, imepinda vile vile, na nashauri iachwe hapo hapo.

Bi. Verediana alilizunguka gari, akautikisa usukani kupitia dirishani, akasema, "Kweli halina mchezo. Na mwenye gari je?"

Nimemjibu kwamba hana.

Kwa hiyo futa malalamiko yote sita, pamoja na maombi yangu yote, isipokuwa lile la kuhamia Ilula.