Mkaguzi na Magugu Yake

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nikamwuliza nimebakiwa na muda gani. Akatazama dirishani, akasema mvua hii nayo! Nimeelewa. Kwa hiyo shajara hii itasema kweli tupu. Mtu aliye mlangoni pa kaburi hana sababu ya kudanganya. (Labda kidogo, pale heshima yake inapohusika.)

Kweli ya kwanza: kipande changu katika bustani ya mtaa kimegeuka pori. Mke wangu ndiye aliyekilima. Mimi nilisimamia, kwenye kiti. Tangu tumzike mwaka jana sijang'oa hata jani, na sasa magugu yananifika kifuani.

Kweli ya pili: leo kaja Mwenyekiti wa bustani, mama mwenye mwavuli mkubwa na sauti ya kengele. Atakagua Jumamosi. Kipande kichafu atapewa jirani wa karibu zaidi. Nani jirani huyo? Shemeji! Mdogo wa kike wa marehemu, ambaye kipande chake kinapakana na changu, na vitunguu vyake vimesimama kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Nikamwambia Mwenyekiti haiwezekani. Katikati ya pori lile kuna mchaichai alioupanda mke wangu kwa mikono yake. Ndicho kitu pekee alichoniachia ambacho bado kinaota. Akanijibu kwamba basi nikitafutie njia ya kukifikia.

Ananikagua mimi! Mimi niliyekagua shule hadi nikastaafu! Walimu wakuu walikuwa wakisikia gari langu, wanafunga vifungo vya shati hadi kooni.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nimebuni mpango wa kujitia ari. Siri ni kutolitazama pori lote. Unatazama eneo la ukubwa wa mkeka. Unalipalilia, unajipa zawadi, unarudi nyumbani. Kesho mkeka mwingine. Haba na haba!

Binti yangu alikuwa ameficha gambuti zangu juu ya kabati, ati nisitoke. Nikaziangusha kwa ufagio. Moja ilinipiga utosini. Nikatoka.

Bustanini nikaingia kwanza kibandani, kungoja mvua ikatike. Zawadi ilikuwa biskuti za tangawizi. Nikala moja ya kunipa nguvu. Kisha nyingine, kwa kuwa ya kwanza ililowa na haikuhesabika. Pakiti ilipokwisha sikuona tena sababu ya kupalilia. Zawadi imeshatolewa, kazi ya nini?

Hata hivyo nilipenya hadi kwenye mchaichai nikakata majani. Shemeji alikuwa ameinamia vitunguu vyake, kana kwamba anayenyeshewa ni mtu mwingine. Akaniuliza nakata nini pale. Nikamwambia hayamhusu. Akafungua kinywa, akakifunga. Wivu.

Jioni nikachemsha chai. Harufu ile ile! Nilifumba macho nikamwona marehemu mlangoni, ananiambia nivue viatu. Binti akanusa kikombe, akauliza kama nina hakika niko salama. Mtoto huyu hana pua.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua tena. Nimegundua kosa la jana: ari ni ya vijana. Wazee wana akili. Gugu likikosa mwanga hufa lenyewe, na mimi sina haja ya kuinama.

Binti alipokwenda kazini nilikunja zulia la sebuleni. Nikamwomba fundi seremala wa jirani anisaidie kulibeba, nikamwambia linakwenda kufuliwa. Kwa mvua ile haukuwa uongo mkubwa. Tukalitandaza juu ya pori. Magugu yakalala chini, kimya. Ushindi! Nikaingia kibandani kupumzika.

Nilipotoka yalikuwa yameinuka tena, yamelibeba zulia mabegani kama watu wanaopeleka jeneza. Shemeji alicheka hadi akashikilia mpini wa jembe asianguke. Akauliza kama wageni wavue viatu.

Binti karudi, kakuta sakafu tupu. Sitayaandika yote. Kwa kifupi, aliuliza ni lini Baba atakua. Kisha akauliza kwa nini nisimwombe mama mdogo anisaidie, maana ameshajitolea mara nyingi. Nikamwambia fisi naye hujitolea kulinda bucha.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua ya mawe, kisha mvua ya kawaida. Leo nimeamua kutumia mali niliyo nayo, yaani kifo changu.

Niliwaita wastaafu wenzangu wawili, tunaowaita Jiografia na Hesabu kwa masomo waliyofundisha. Nikawapelekea habari kwamba naondoka duniani, na nataka kuagana nao kwenye kipande cha marehemu mke wangu. Niliona jinsi itakavyokuwa: watayaona magugu, machozi yatawalenga, watashika majembe.

Walikuja na makoti na mikongojo. Jiografia akatueleza mvua inatoka wapi. Hesabu akauliza, kwa upole mwingi, kama wosia umetaja redio. Nikakohoa kwa huzuni nikiyaelekezea macho majembe. Hesabu akakohoa zaidi yangu. Jiografia akapandisha suruali atuonyeshe goti. Basi yakawa mashindano ya ugonjwa, na mimi mwenye moyo mbovu nikaambulia nafasi ya tatu.

Hawakung'oa kitu. Walikunywa chai yangu ya mchaichai, kisha Jiografia akasema ina ladha ya uwanja wa mpira. Watu hawana uchungu na msiba wa mwenzao!

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Usiku sikupata usingizi, na alfajiri nikakumbuka kwamba mimi ni mtaalamu!

Mkaguzi hatoki njiani. Anaogopa kuchafua viatu. Anaona kilicho mbele: mawe yaliyopakwa chokaa, watoto wenye akili wamekalishwa dawati la kwanza. Wajinga wako nyuma, na nyuma hakuna anayefika. Mimi mwenyewe nilikuwa macho sana, sikudanganywa kamwe, lakini nawajua wenzangu.

Kwa hiyo nimepalilia ukanda wa mbele tu, upana wa kitanda. Nimepanga mawe ya chokaa ukingoni. Nyuma yake nimesimamisha ukuta wa mabua ya mahindi, pori lisionekane. Na kwenye udongo ule mweusi, safi, nimekalisha kabichi za sokoni kwa mstari. Nzuri kweli! Kubwa! Shemeji alisimama akaziangalia kwa muda, akaniuliza zimeota lini. Nikamwambia wengine tuna mkono wa kilimo.

Lakini ukanda ule niliupalilia kweli. Malengelenge mikononi, tope hadi kwenye nyusi. Kati ya kabichi mbili moyo ulianza kupiga kama mtu aliyefungiwa stoo. Nikakaa chini kwenye maji. Nakiri niliogopa. Kufa si neno. Niliogopa kufa kabla ya Jumamosi, Shemeji akashinda bila jasho, na jembe lake likaufikia mchaichai.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi, chokaa ikiwa imeshakwenda nayo. Sikujali. Nilivaa koti la ukaguzi, nikasimama njiani mbele ya kabichi zangu, mikono nyuma. Nikangoja.

Mwenyekiti hakuja kwa njia. Alitokea nyuma! Alivuka mtaro kwa gambuti, akapasua pori, akaangusha ukuta wangu wa mabua na kutokeza mbele yangu, sketi imejaa mbigili. Akainama. Akainua kabichi kwa vidole viwili, akaigeuza, akanionyesha pale kisu cha sokoni kilipopita.

Kisha akauliza kama naikumbuka shule fulani ya kilimani, iliyokuwa na bustani ya mboga. Nikamwambia naikumbuka sana. Niliipa alama za juu kuliko zote, na kila nilikokwenda nikaitolea mfano.

Akasema yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Zile kabichi zilitoka sokoni pia. Ila zake, Bwana Mkaguzi, angalau alizifukia.

Majirani wote wa bustani walikuwa wamesogea. Walikuwa na adabu. Walicheka wakiangalia pembeni. Mwenyekiti akatangaza kwamba kipande ni cha Shemeji kuanzia leo.

Shemeji akasema hakitaki. Hakuwahi kukitaka. Anachotaka ni mbegu za magugu zisirukie vitunguu vyake, na dada yake asigeuke kaburini kwa aibu. Jina libaki la shemeji yake, yeye atapalilia. Mwenyekiti akakubali. Huo ndio ujanja wake! Kukataa ili aonekane mwema mbele za watu!

Wakaingia kazini, yeye na majirani. Pori liliondoka kama nywele kinyozini. Shemeji akafika katikati, kwenye mchaichai wangu, akainua jembe. Nikapiga kelele. Nikajitupa juu ya mchaichai. Nilijitupa taratibu, kwa umri huu mtu hujitupa kwa awamu, lakini nilifika. Nikamwambia aniue kwanza.

Akaweka jembe chini. Akakata jani moja kutoka pale nilipolala, akalifikicha, akanipa ninuse. Nikamwambia ndilo. Akaenda kwenye kipande chake, akarudi na jani jingine, akalifikicha, akanipa.

Nilinusa. Sitaandika nilichokiona.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba mchaichai aliuhamishia kwake wiki ile ya mazishi, usije ukasongwa. Alinieleza. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, akadhani nasikia. Na hiki nilicholalia, shemeji yangu, ni nyasi. Nyasi tu.

Mwenyekiti akaangalia mwavuli wake. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Niko kitandani na homa. Mchumia juani hulia kivulini. Mchumia mvuani hulia chini ya mablanketi. Daktari kaja, katazama tena dirishani.

Baadaye akaja Shemeji na chupa ya chai ya mchaichai. Tena kaleta shina lenye mizizi, lirudi pale pale alipolipanda dada yake. Shimo ameshalichimba. Kilichobaki ni mimi kuinuka siku yoyote nitakayopata nguvu, nilishike shina, yeye afukie. Alisema hivyo huku akinitengenezea mto.

Nikamwambia chai yake inanuka kitunguu.

Nikamtuma binti akaniletee nyasi zangu kutoka kwenye lundo la takataka. Alikataa. Nikamkumbusha kuhusu amri ya mtu anayekufa. Akaleta, akachemsha, akaweka kikombe kwa kishindo. Nilikinywa chote mbele ya Shemeji, hadi tone la mwisho, nikasema aaah. Jiografia alisema kweli. Uwanja wa mpira, tena baada ya mechi.

Walipokwenda jikoni kunisengenya, nilifungua ile chupa ya Shemeji nikainywa. Yote. Kwa ajili ya ushahidi tu.

Na ushahidi umetosha! Mchaichai ule ni wa mke wangu. Mchaichai wa mke wangu uko kwenye kipande cha Shemeji. Kwa hiyo mpaka umekosewa, na vitunguu vile vimeota kwenye ardhi yangu! Kesho namwendea Mwenyekiti kabla hajaamka vizuri. Nitahitaji mawe, chokaa, na koti la ukaguzi.

Binti ameficha tena gambuti juu ya kabati. Ufagio ninao hapa, chini ya blanketi.