Kamati ya Inverta ya Mzee Ponsiano

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa friji, na muhuri juu: kuanzia Jumatatu, umeme wa jua nyumbani kwa Mzee Ponsiano, Kibaha, utatolewa kwa kuzingatia vipaumbele vya kimkakati. Kamati ikaundwa papo hapo. Mwenyekiti, yeye mwenyewe. Katibu, mkewe Stellamaris, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Mwenyekiti aliliangalia suala kwa mapana yake. Inverta ni ndogo, haibebi kila kitu, na nchi haijengwi kwa ubinafsi. Daraja la Kwanza likapewa televisheni, kwa ajili ya taarifa ya habari, na pasi, kwa ajili ya heshima ya utumishi wa umma. Taa ya kuwapa joto vifaranga mia mbili wa Stellamaris ikatupwa Daraja la Nne, pamoja na kengele ya mlangoni, ambayo hawakuwa nayo.

Masika ile, kila umeme wa nguzo ulipokatika, vifaranga walikufa. Kumi na wawili, kisha thelathini. Na vifaranga wale ndio waliokuwa ada ya chuo ya binti yao, Hajira. Stellamaris alipolalamika, mumewe alimwelekeza kwa upole aandike barua. Akaandika. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Roho ilimuuma mama wa watu, akanyamaza. Lakini kimya kingi kina mshindo.

Sasa, Mwenyekiti alikuwa na desturi ya ofisini: muhtasari wa kikao husainiwa, hausomwi. Kusoma ni kazi ya walio chini. Ijumaa Katibu alipomletea, alisaini kurasa zote huku macho yakiwa kwenye taarifa ya habari.

Jumatano asubuhi umeme ukakatika, naye anasubiriwa Kisarawe kuhutubia kongamano la matumizi bora ya umeme. Suti ilikuwa kama imetemwa na ng'ombe. Akakimbilia soketi ya pasi, akakuta imezibwa kwa karatasi: Daraja la Nne. Kule bandani, taa ya vifaranga inawaka bila wasiwasi.

"Mama Hajira, nani karuhusu hili?"

Stellamaris akamfungulia ukurasa wa pili wa muhtasari wa Ijumaa. Saini ya Mwenyekiti, muhuri wa Mwenyekiti.

"Basi nibadilishie mara moja tu, mke wangu. Nachelewa."

"Andika barua, Mwenyekiti."

Akaandika palepale, juu ya goti. Stellamaris akaipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri, akaiweka chini ya debe la pumba.

"Ombi lako limepokelewa," alisema. "Linafanyiwa kazi."

Mzee Ponsiano hakuuliza litachukua muda gani. Maneno hayo alikuwa amewaambia watu kwenye dirisha la ofisi yake kwa miaka ishirini na saba. Aliivaa suti hivyo hivyo, akaenda Kisarawe kufundisha.