Ufunguo wa Hyasinti na Ndoo ya Baraka

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suti. Mama mkwe wangu, mjane wa Chiwanda anayeheshimika na kila mtu, amefungiwa ndani ya gari langu mbele ya kanisa pale Mbamba Bay. Gari likapiga kelele, wipa zikacheza, kisha likateremka lenyewe na kugonga meza ya padri. Ndoo nzima ya maji ya baraka ikaishia kwenye kanzu yake. Na mimi, mwenye gari, nilikuwa nimewapa wote mgongo, naliangalia ziwa kama mtu anayehesabu mitumbwi.

Naandika mwenyewe kabla shemeji yangu Bosko hajatuma video humu kwenye kundi. (Karekodi yote. Mkono haukutetemeka hata kidogo.)

Sasa nirudi mwanzo, mjue nani wa kulaumiwa. Si mimi.

Mnajua gari langu lilikuja na ufunguo mmoja. Mnajua pia kwamba mwezi uliopita niliufungia ndani pale sokoni Mbinga. Unaning'inia kwenye swichi, nauona dirishani, siufikii. Na mke wangu, Mama Kolumba, ana samaki wake wabichi, mbasa wa ziwani, humo kwenye buti. Tulipokuja kufungua, jua lilishamaliza kazi. Hata mbwa wa sokoni walinusa wakaenda zao. Mama Kolumba hakunigombeza. Alifunga begi lake la bluu akateremka kwao Chiwanda. Baada ya siku mbili Bosko, mdogo wake, akanipigia simu: "Shemeji, mama anasema mtu mzima mwenye gari la ufunguo mmoja hajawa tayari kukaa na mke. Tafuta wa pili, ndipo uje."

Wiki tatu nimekula ugali wa kujipikia. Mimi! Mimi niliyepona lori lililopinduka kwenye mteremko enzi barabara ni ya vumbi, tukatoka hai watatu tu, na mguu wangu ukabaki mfupi mpaka leo. Yule dereva hakuniomba radhi mpaka anaingia kaburini. Nimezoea kuumizwa bila kuombwa radhi. Lakini hili la leo, hapana.

Nikaenda Songea kuulizia ufunguo wa rimoti. Bei waliyonitajia nikadhani wananiuzia gari jingine. Nikarudi Mbinga, kwa Hyasinti, fundi simu wa karibu na stendi. (Andikeni hilo jina. Hyasinti.)

"Baba Kolumba, kaa utulie," akaniambia. "Rimoti kamili, nusu ya nusu ya bei ya Songea."

"Na hiki chuma mbona hakina meno?"

"Mashine ya kuchonga iko matengenezo. Kwani wewe unafungua mlango kwa chuma au kwa rimoti? Chuma ni pambo tu, mzee wangu."

Mimi niliyeishia darasa la nne nikaona jamaa kasoma. "Na maji je? Mimi nabeba samaki."

"Hii? Itumbukize Ziwa Nyasa ilale humo. Asubuhi inafungua."

Akabonyeza. Tii-tii! Milango ikafunguka. Nikabonyeza mimi. Ikafungwa. Nililifunga na kulifungua gari pale stendi kama mara ishirini, nacheka peke yangu. Mama mmoja muuza ndizi akasogeza beseni lake mbali kidogo.

Leo Jumapili nimefika Chiwanda mapema, na suti. Sasa muelewe, kwetu na mkwe hamtazamani usoni. Wala humporomoshei maneno kama uko kijiweni. Nikachuchumaa nje ya mlango, macho kwenye mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Halafu akamgeukia mwanawe, na mimi nipo hapohapo: "Muulize mumeo ufunguo wa pili uko wapi."

Niliunyanyua juu nikabonyeza. Tii-tii!

Akaukagua kwa jicho la pembeni. "Haya. Mwambie tutapanda wote mpaka kanisani Mbamba Bay. Nikishuka salama, wewe endelea naye Mbinga."

Begi la bluu likaingia kwenye buti. Nilikaribia kulia, ndugu zangu.

Misa ikaisha. Padri akatangaza kubariki vyombo vya usafiri. Pale uwanjani kukawa na pikipiki nyingi, injini za boti zimelazwa kwenye majani, na magari matatu, langu likiwamo. Mbele ikawekwa meza, na juu yake ndoo ya maji. Mama mkwe akakataa kushuka, magoti na jua haviivani. "Nitabarikiwa humu humu," akasema, kakaa kiti cha nyuma. Nikamwachia redio inaimba kwaya. Kwa hiyo ufunguo wa zamani ukabaki kwenye swichi. Nani anaujali? Nina wa pili.

Padri akasema funguo zote ziwekwe mezani. Akachovya tawi lake, akanyunyiza. Wenye pikipiki wakalowa mpaka viatu. Ufunguo wangu ukapata matone mawili. Mawili! Mtu niliyetoka kwenye lori nikiwa na roho yangu mdomoni, nipewe matone mawili?

"Samahani padri," nikasema, "huu haujapata." Nikautumbukiza kwenye ndoo. Nikaukoroga.

"Baba, hiyo si ina umeme?"

"Padri, hii inalala ziwani."

Watu wa boti wakapiga makofi. Hapo ndipo Bosko alipotoa simu yake.

Klak. Milango ya gari ikajifunga. Klak, ikafunguka. Klak, ikajifunga tena. Kisha honi ikaanza kulia yenyewe. Nabonyeza rimoti, maji yanatoka kwenye vitufe. Nikakimbilia mlango na kile chuma. Hakikuingia hata robo. Pambo!

Milango ya nyuma nilishaiwekea loki ya watoto mwenyewe, kwa sababu ya wanakwaya wanaofungua mlango gari linatembea. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: mama mkwe avuke kutoka kiti cha nyuma mpaka cha dereva. Miaka sabini na kitu. Mbele za watu.

Wanawake wa kanisa wakavua kanga zao za mabegani wakazinyoosha kulizunguka gari, asitirike. Na mimi nikafanya inavyompasa mkwe. Nikageuka kuliangalia ziwa. Mama Kolumba akawa katikati anapeleka maneno.

"Mwambie mama avuke mbele."

"Mama, anasema uvuke mbele!"

"Mwambie nimevuka kiatu kimoja!"

"Anasema kiatu kimoja!"

"Mwambie avute kidude."

"Kidude gani?"

"Kile cha mlangoni!"

"Kuna vidude vinne!" Mama Kolumba akapaza sauti. "Amegusa kimoja, wipa zinacheza!"

"Basi hicho kingine! Avute kwa nguvu!"

Akavuta kwa nguvu. Kumbe kavuta breki ya mkono, akaibonyeza, akaishusha. Na gari nilikuwa nimeliacha halina gia. Uwanja ule una mteremko. (Nani alichagua uwanja wa mteremko? Hilo nalo tutaliuliza.)

Nilisikia kanga zinakimbia. Nikasikia meza. Nikasikia padri anasema neno ambalo halimo kwenye misale. Gari likajichomeka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, taratibu, kama linaegeshwa na mtu mwenye leseni.

Kale karimoti mkononi mwangu kakatoa moshi mwembamba, kakakata roho. Klak ya mwisho. Mlango wa dereva ukafunguka.

Mama mkwe akashuka mwenyewe. Akafunga kitenge vizuri, akafuata kiatu chake cha pili kiti cha nyuma. Hakukimbia, hakupiga kelele. Nilikuwa bado nimetazama ziwa, lakini nilimsikia:

"Mwambie mumeo gari lake limebarikiwa. Yeye bado."

Mama Kolumba akafungua buti, akatoa begi la bluu. Alipopita karibu yangu nilidhani atasema kitu. Alikuwa anauma midomo asicheke. Bora angenitukana. Wamepanda pikipiki mbili, na begi limekaa mbele ya dereva, wamerudi Chiwanda.

Nikampigia Hyasinti.

"Wewe, si ulisema inaingia majini?"

"Baba Kolumba, nilisema ziwa. Maji ya baraka sijawahi kuyajaribu."

Akakata simu.

Sasa Hyasinti, najua umo humu, nimekuona umesoma ujumbe wangu wa asubuhi. Rimoti yako baki nayo, chuma chako kisicho na meno baki nacho. Sitaki kurudishiwa chochote. Ninachotaka kesho uvae shati safi, uende Chiwanda, uchuchumae mlangoni kwa mama mkwe wangu, macho kwenye mchanga, umwambie kwa mdomo wako kwamba chuma ni pambo. Usitume mtu. Usipige simu. Na hutapanda gari langu, utatembea. Mke wangu akirudi, umesamehewa. Asiporudi, uje wewe unipikie huo ugali.