Gamba la Ubongo Lililojengwa Bila Kibali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na nafasi yake nimeijaza mimi mwenyewe kwa unyenyekevu mkubwa. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Kamati. Mheshimiwa Katibu wa huyo Mwenyekiti. Daktari wetu wa ubongo, uliyekaa safu ya tatu na ambaye umenyoosha mkono tangu sijafungua mdomo. Ndugu wagonjwa wa kiharusi, pamoja na jamaa zenu waliowaleta kwa mikongojo na kwa viti vya magurudumu. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Wachache: Hatujambo.)

Nasimama mbele yenu siku hii ya uzinduzi nikiwa Mkurugenzi wa Upimaji wa Viwanja, na najua wapo wanaonong'ona kwamba mtu wa viwanja ameingiaje kwenye ubongo. Jibu ni jepesi. Miaka mitatu iliyopita Daktari aliandika barua ya kuomba mradi wa kuchora ramani ya gamba la ubongo wa binadamu kwa mtazamo wa mabadiliko ya viumbe, na watu wa masjala, kwa weledi wao, walipoona neno ramani wakagonga mhuri, barua ikatua mezani kwangu. Sikuirudisha. Kiongozi harudishi kazi, anaikalia. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikoketi wafanyakazi wa ofisi ya Mheshimiwa Mkurugenzi.)

Niliisoma barua ile, nusu ya kwanza yote, nikabaini kwamba gamba la ubongo ni lile ganda la juu lenye mikunjo, ambalo likikunjuliwa lote linaenea kama kitambaa cha meza ndogo, nami kwa uzoefu wangu wa kimkakati nikatamka papo hapo: hiki ni kiwanja! Tukaunda kikosi kazi, tukafanya semina elekezi, wokshopu saba, upembuzi yakinifu na upembuzi wa ule upembuzi, na matokeo, ndugu zangu, yanatia uchungu. Chini kabisa mna vyumba vya kale tulivyorithi kwa samaki, juu yake mijusi wakaongeza sebule, wanyama wenye manyoya wakapandisha ghorofa, na binadamu akaja kuezeka gamba juu, mamilioni ya miaka watu wanajenga tu, na masjala hatukukuta hata kibali kimoja! (Mshangao. Mtu anapiga mluzi.)

(Daktari, akisimama: "Mheshimiwa, samahani, si ghorofa juu ya ghorofa. Sehemu zote zimekuwa zikibadilika pamoja.")

Nashukuru, Daktari, kwa kuthibitisha kwamba hata zile za chini ziliendelea kujengwa bila kibali. Kwa hiyo maofisa wangu walifika kliniki yako siku ya Jumatatu, wakati wagonjwa wakisubiri kwenye benchi, wakaweka alama ya X nyekundu kwenye kila kipaji cha uso, pamoja na notisi ya siku thelathini ya kusimamisha ujenzi. Utekelezaji ulifikia asilimia mia na ishirini, kwa sababu mlinzi na muuza vocha nao walipigwa X. (Kicheko. Mlinzi hacheki.)

(Mwanamke aliyevaa futi ya kupimia nguo shingoni anasimama. Pembeni yake ameketi mumewe, mwalimu mstaafu, kipaji chake bado kina wekundu. "Mheshimiwa, mimi ni mshonaji. Rangi yenu nimeisugua kwa mafuta ya taa wiki nzima, lakini hilo nimesamehe. Mume wangu amefundisha miaka thelathini. Tangu kiharusi kimpige, anaelewa kila unalomwambia ila majina ya vitu hayatoki. Kikombe ni ile, mlango ni ile. Usiku… hapana, hata mchana analia. Tumeitwa hapa tukaambiwa ramani ipo tayari, itamwonyesha Daktari pa kuanzia. Iko wapi?")

Mama, hilo ni swali zuri, na maswali mazuri hatuyaharibu kwa majibu ya haraka haraka. Majina ya mzee hayajapotea. Yamehamishwa kupisha mradi, na yatapatiwa makazi mbadala katika awamu ya tatu. (Minong'ono.)

(Daktari: "Niliomba mashine moja ya kupiga picha za ubongo na wasaidizi wawili tu. Nilitaka kulinganisha gamba letu na la jamaa zetu sokwe, tujue ni sehemu gani zilizotanuka kwetu, na sehemu gani inaweza kubeba kazi ya jirani yake aliyeumia. Kila nikija ofisini kwako naambiwa uko kwenye kikao.")

Na nilikuwa kikaoni kweli! Kikao cha wadau. Hao sokwe unaowataja tuliwaalika mara mbili kwa barua rasmi, hawakuja wala hawakutuma udhuru, na bado unawaita jamaa zetu. Lakini tusilumbane siku ya furaha. Katibu, vuta pazia! (Katibu anavuta pazia la kijani. Nyuma yake pana ukuta mtupu na misumari miwili.)

Ndugu wananchi, hii ndiyo ramani. Ni ya kidijitali, ndiyo maana haisumbui macho.

(Mwalimu mstaafu anashika bega la mkewe, anasimama, anaunyooshea ukuta kidole. Midomo inamcheza. "U… u…" Mkewe: "Taratibu, baba, taratibu." Mwalimu: "Uongo!")

(Mshonaji anapiga kelele: "Ametaja! Jamani, ametaja!" Daktari anaruka viti viwili mpaka kwao. "Mwalimu, na hiki ninachogusa?" "Uku… ukuta." "Na hiki?" "Msu… msumari!" Mshonaji anacheka huku machozi yakimtiririka. Watu wanaacha viti vyao, wanamzunguka mzee.)

Mmeona wenyewe! Dakika moja tu baada ya uzinduzi, majina matatu yamerejea! Ni nchi gani nyingine imefikia bechimaki hiyo, yaani kiwango hicho? (Watu wamempa Mheshimiwa migongo. Daktari anamwambia mshonaji: "Kesho asubuhi mlete, tutaanza na vitu vya nyumbani kwenu. Tusingoje mtu.") Kesho asubuhi, mmesikia, ndiyo awamu ya tatu!

Ubongo oyee! (Oyee, kutoka safu ya mbele.) Gamba kwa maendeleo! Kila fuvu na hati yake! (Safu ya mbele nayo inaanza kutazama saa.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu arobaini wa mradi huu, ambao hatukuwaajiri, kwa kutogoma hata siku moja. Naishukuru mashine ya picha, ambayo hatukuiagiza, kwa kutoharibika. Nalishukuru jengo la kituo cha mradi, ambalo halikujengwa, kwa kuwa ndilo pekee katika habari hii yote lisilovunja sheria. Na kwa kuwa mradi haukuwahi kuanza, nina heshima ya kutangaza rasmi kwamba leo, kabla ya wakati uliopangwa, umekamilika. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Katibu peke yake anapiga makofi, kisha anazima kipaza sauti.)