Mgonjwa wa Poda

Jumatatu, tarehe 4

Macho yamevimba. Si kwa kulia, kwa kucheka! Fundi cherehani kaniazima filamu ya mapenzi, nimeitazama mara mbili mpaka sufuria imeungua. Mume kakimbiwa na mke. Anajitia mgonjwa: poda usoni, bandeji kichwani, anakohoa kama gari bovu. Mke kusikia tu, huyoo, mbio, na kiatu kimoja! Wakakumbatiana. Mwisho. Watu wa filamu wana akili jamani!

Nikamkumbuka mdogo wangu kinyozi. Wiki ya tatu hii mkewe yuko kwa mama yake. Mwanamume kakonda, wateja wanatoka na nusu ya ndevu. Na lawama wananitupia mimi. Mimi! Nilichomwambia wifi ni kwamba nimemwona mumewe anacheka na nesi wa zahanati. Na kweli alicheka. Meno yote nje. Ningesema alikuwa analia?

Sasa wifi katuma neno: mwisho wa mwezi anakuja kuchukua kabati lake. Kabati likitoka, ndoa imetoka. Sikubali!

Jumanne, tarehe 5

Mdogo wangu kakataa. Eti dada, hii aibu, mimi mtu mzima. Nikamwuliza mtu mzima gani analala kakumbatia mtandio wa mkewe. Akapanda kitandani mwenyewe. Nimempata!

Poda mpaka shingoni. Bandeji sina, nikachana shuka. Nikamfunga kichwa, kifua, na miguu yote miwili pamoja. Akauliza miguu inaumwa nini. Nikamwambia asinivurugie kazi.

Habari zitafikaje kwa wifi? Rahisi. Nimemnong'oneza fundi cherehani, nikamwapisha asimwambie mtu. Yule mdomo wake hauna kifuniko. Siwapendi kabisa watu wa aina ile!

Jumatano, tarehe 6

Mungu wangu!

Wifi kaja saa nne asubuhi. Na viatu vyote viwili. Nikajua hapa pana jambo. Kasimama mlangoni, kamtazama mgonjwa, kaitazama poda, kanitazama mimi. Mdogo wangu kakohoa. Wifi akaniuliza, pole pole, kama nimeiona sehemu ya pili.

Sehemu ya pili?!

Kumbe ipo! Fundi cherehani kanipa ya kwanza tu, ya kucheka. Ya pili kaitazama na wifi juzi, wamelia mpaka leso zimelowa. Eti humo mke anagundua kadanganywa, anaondoka. Halafu mume anaumwa kweli. Anaita. Mke anasema ni yale yale, hageuki. Mume anakufa huku anamwita. Filamu gani ya kuchekesha inaua watu?

Wifi akasema asante kwa maonyesho, kabati halingoji tena mwisho wa mwezi, analifuata kesho. Akaondoka. Mdogo wangu akaruka kutoka kitandani amfuate. Na miguu nimemfunga pamoja! Akaenda chini kama gunia, mkono ukatangulia. Nikasikia kah! Akapiga ukelele ambao mimi sikumfundisha.

Wifi keshafika getini. Akasimama. Namwona mgongo tu. Nikapaza sauti kwamba safari hii ni kweli, wifi, wallahi ni kweli! Wala hakutikisika. Nani wa kuniamini mimi? Ndipo mdogo wangu akamwita jina lake. Mara moja, kwa sauti ndogo. Mabega ya wifi yakaanza kutetemeka.

Akarudi mbio, kiatu kimoja kikabaki getini. Analia, anasema yeye hatakuwa kama yule mwanamke, hawezi, hawezi. Poda yote ikahamia kwenye shavu lake. Mimi nakwenda kuokota kiatu, nalia, nacheka, sijui niko sehemu ya ngapi.

Ijumaa, tarehe 8

Mkono umevunjika kweli. Tena ule wa kunyolea! Sasa mashine anashika wifi, mume kakaa na plasta yake kwenye benchi anaelekeza. Leo wamemnyoa mwalimu mkuu, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Kajitazama kwenye kioo, kavaa kofia, katoka. Lakini foleni haijapungua, watu wanakuja kushangaa. Kabati halijasogea hata kidole.

Wifi kaniita pembeni. Kwa upole. Eti wifi yangu, nakupenda, ila habari za mume wangu usiniletee tena, hata ukimkuta anaungua moto. Nikaapa. Sikio nimeshika. Kisha nikaenda kumsema fundi cherehani, kwamba umbeya wake nusura uvunje nyumba ya watu.

Jumatatu, tarehe 11

Salaala! Nimemsindikiza mdogo wangu zahanati, plasta ikaangaliwe. Nani anaiangalia? Nesi yule yule! Kachukua kalamu, kaandika kitu juu ya plasta. Mdogo wangu akacheka. Meno yote nje! Nikauliza kaandika nini. Eti tarehe ya kurudi. Tarehe inachekesha nini?

Lakini nimeapa, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Wifi simwambii hata nusu neno.

Hapa navaa viatu, nakwenda kumwambia mama yake.