Dirisha la Karani

Alhamisi hiyo benchi ya Mama Birika, muuza chai wa hapa Kapkatet, ilikuwa na habari moja tu. Redio ya karani wa ofisi ya chai iliibwa kupitia dirishani Jumapili watu wakiwa kanisani, na leo polisi mmoja anatoka Nakuru na poda ya kusoma alama za vidole.

"Uongo mtupu," akasema Profesa. Huyu ni Hezekiah, alifika darasa la saba na kila siku lazima atukumbushe. "Poda ni ya kupaka mtoto. Na sisi wachuma chai, majani yametumaliza alama zote. Hata mama yangu hawezi kujua vidole vyangu."

"Basi mimi nimekwisha," akasema Arasa, bawabu wa ofisi, tunayemwita Rungu. "Karani anasema ni mimi. Polisi asipopata mwizi kwa hiyo kioo ya dirisha, kesho nafukuzwa kazi, mimi na watoto tunafunga virago turudi Kisii."

Nilimhurumia, na mimi si mtu wa huruma.

"Lakini nimejitayarisha," Rungu akaendelea. "Mgeni wa serikali atoke Nakuru akute dirisha chafu? Asubuhi nimeosha na sabuni, nikapangusa na gazeti. Ukitaka kunyoa ndevu, nyolea hapo."



"Rungu," nikamwuliza, "umeosha dirisha gani?"

"Si ni ile mwizi alipitia. Ilikuwa imejaa vidole vya watu. Aibu."

"Hivyo vidole ndivyo anakuja kusoma, bwana."

Rungu akashika kichwa. "Sasa mgeni anakuja kwako, unamwachia uchafu ati asome?"

Profesa alicheka mpaka akatoa machozi. "Jamani, tusidharau sayansi," akasema. "Hao watu wa Nakuru ni hodari sana, shida ni huyu Rungu. Mama Birika, mpe chai. Wape wote. Na mandazi, mbili mbili."

Nilikuwa nimeshauma yangu wakati Mama Birika alipoweka birika chini.

"Hezekiah," akasema polepole, "miaka kumi unakunywa hapa. Hujanunulia mtu hata maji."

Profesa akaanza kukohoa. Landrova ya polisi ilikuwa inasimama mbele ya ofisi. Mama Birika akapangusa mikono kwa leso, akaita:

"Afande, wachana na hiyo dirisha. Kuja huku, kuna mtu amefurahi sana."